Polisi wakibisha bila kibali: yanayoaminiwa na yaliyo kwenye sheria

"Bila kibali cha korti, polisi hawakanyagi ndani." Maneno haya yamezoeleka kwenye ploti za Kayole na Pipeline jijini Nairobi, na anayeyaamini kikamilifu anaweza kuumia akizuia mlango. Ni kweli Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda nyumba yako. Lakini kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinaruhusu upekuzi bila kibali iwapo kumsubiri hakimu kutavuruga uchunguzi. Mwenye ruhusa hiyo ni mkuu wa kituo au afisa mpelelezi, tena awe na sababu za msingi, aziandike kabla ya kuingia, aeleze anachotafuta, na akuonyeshe cheti chake cha kazi. Tetesi kwamba mtaa una wahalifu si sababu. Aprili 2014 mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ulisakwa na polisi nyumba kwa nyumba, watu wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mtaa mzima hauwezi kuwa mshukiwa.

Wengine hudhani kibali kikishatolewa hakuna la kuuliza. Kisome. Tazama korti iliyokitoa, sahihi ya hakimu, nambari ya nyumba na vitu vinavyotafutwa. Kibali cha nyumba B7 hakifungui B9. Saa zake ni kati ya macheo na machweo, hata Jumapili, isipokuwa korti imeruhusu saa nyingine. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake.

Simu nayo? Kuichukua ni jambo moja, kuchungulia yaliyomo ni jingine: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtaka afisa aombe kibali cha korti ili apekue data.

Dhana inayoponza wengi zaidi ni kwamba upekuzi haramu hufuta kesi papo hapo. Ibara ya 50(4) ya Katiba inasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utakataliwa iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kudhuru utoaji wa haki. Hakimu ndiye huamua, naye huhitaji kuelezwa kilichotokea. Kwa hiyo usishikane na afisa. Tamka wazi, "Sikubali upekuzi huu," jirani asikie. Andika majina, nambari za kazi, nambari ya gari na saa. Vitu vikichukuliwa, dai orodha kabla hawajaondoka: aina ya simu na nambari yake ya IMEI (inayoitambulisha simu hiyo pekee), pesa taslimu zihesabiwe mbele yako. Usitie sahihi karatasi tupu wala iliyoandikwa "vitu mbalimbali" tu. Kesho yake piga ripoti kituoni, uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha upeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.