Mimba bandia ya mbwa: maziwa yapo, watoto hakuna

Jirani yangu hapa Kiamunyi, Nakuru, aliniita asubuhi moja nimwangalie mbwa wake. "Njoo uone, chuchu zimejaa maziwa. Huyu atazaa wiki hii." Alikuwa amemtandikia gunia na blanketi kuukuu nyuma ya jikoni. Mbwa alijikunja humo, amekumbatia slipa ya mtoto, akimngurumia kila aliyesogea. Zikapita wiki tatu, hakuzaa. Maziwa yakakauka, slipa ikaachwa uani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amekula watoto wake usiku. Iliniuma, maana mnyama yule hakuwa amefanya lolote. Alikuwa na mimba bandia.

Mimba bandia ni hali ya mbwa jike asiye na mimba kuonyesha dalili za mwenye mimba au za aliyekwisha kuzaa: tumbo kujaa kidogo, chuchu kuvimba na kutoa maziwa, kuchimba au kujitandikia pa kuzalia, kulea kiatu au mwanasesere kama mtoto. Mbwa haigizi. Mwili wake ndio ulivyoumbwa.

Mbwa jike hupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara moja kila miezi 6 au 7 hivi. Joto likiisha, ovari zake huendelea kutoa projesteroni, homoni inayotunza mimba, kwa muda wa miezi miwili hivi, awe amepandwa au hakupandwa. Ng'ombe hayuko hivyo: asiposhika mimba, homoni hiyo hushuka mapema naye hurudi kwenye joto baada ya wiki 3. Ndiyo maana mfugaji aliyezoea ng'ombe hudanganyika kirahisi kwa mbwa. Mwishoni projesteroni huporomoka na prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda. Dalili basi hutokea wiki 6 hadi 12 baada ya joto, majira yaleyale ambayo mbwa mwenye mimba ya kweli angekuwa anazaa au ananyonyesha.

Kwa hiyo maziwa peke yake si ushahidi. Kalenda inasaidia zaidi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, inaweza kuwa 58 hadi 68, kwa sababu mbegu za dume huishi siku kadhaa ndani ya jike. Karibu na wiki ya nne chuchu huanza kuwa za waridi, na wengine hukataa chakula kwa siku chache. Tumbo huonekana kuanzia wiki ya tano, ingawa mwenye watoto wawili tu anaweza kukuficha hadi mwisho.

Usipoteze pesa kwa kipimo cha mkojo cha wanawake kutoka duka la dawa. Kinatafuta homoni ambayo mbwa hana. Ultrasaundi huonyesha mimba, na mapigo ya moyo ya watoto, karibu na siku ya 28. Kipimo cha damu cha relaksini, homoni inayotoka kwenye kondo la nyuma, hufanya kazi kuanzia wakati huohuo. Eksirei ni ya mwisho mwisho, baada ya siku 55, mifupa ikiwa imekomaa vya kutosha kuwahesabu watoto. Kubonyeza tumbo mwachie daktari wa mifugo.

Mimba bandia ikithibitishwa, mara nyingi huisha yenyewe kwa wiki 2 au 3. Usimkamue wala usimkande kwa kitambaa cha moto, kwani chuchu ikiguswaguswa maziwa huzidi. Titi likiwa gumu, lenye joto na maumivu, hilo ni jambo la daktari.

Kuna hatari moja inayonitia hofu kuliko zote. Katika miezi hiyohiyo baada ya joto, mfuko wa uzazi wa mbwa asiyefungwa uzazi unaweza kujaa usaha. Tumbo huvimba, mbwa hunywa maji mengi, hukojoa kupita kawaida, hulegea, hukataa chakula. Wakati mwingine uchafu hutoka ukeni, wakati mwingine hautoki kabisa, na huo usiotoka ndio mbaya zaidi. Ukimwona hivyo usiseme "ni mimba, tungoje." Mpeleke siku hiyohiyo. Na umpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa sababu si kila anayeuza dawa kwenye agroveti ni daktari.

Jirani yangu ameamua mbwa wake afungwe uzazi. Nilimwomba ahakikishe kwanza kwamba maziwa yamekauka kabisa, kwa kuwa ovari zikitolewa kabla homoni hazijatulia, projesteroni iliyobaki hushuka ghafla, prolaktini hupanda, na mbwa anaweza kurudi kulea slipa hata baada ya upasuaji.