Kwa nini injini kubwa za mvuke za Marekani zilikuwa na magurudumu mengi hivyo?

Big Boy, injini ya mvuke ya shirika la reli la Union Pacific, ina magurudumu 24, bila kuhesabu ya behewa la makaa na maji linalofuata nyuma yake. Kiwanda cha ALCO cha Schenectady, New York, kiliunda 25 za aina hiyo kati ya 1941 na 1944, ili zivute mizigo kwenye miinuko ya milima ya Wasatch, huko Utah. Anayeiona picha yake kwa mara ya kwanza huona jibu liko wazi: magurudumu mengi, nguvu nyingi. Wengi tunaishia hapo, na hapo ndipo tunapokosea.

Gurudumu halizalishi nguvu hata kidogo. Nguvu inatoka kwenye tanuri na boila: moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, na pistoni zinazungusha magurudumu. Boila likizidiwa, hata ukiongeza magurudumu mia hupati kitu. Tena si magurudumu yote yanayozungushwa. Wamarekani huziita injini hizi kwa hesabu ya magurudumu kuanzia mbele kwenda nyuma, na Big Boy ni 4-8-8-4. Manne madogo ya mbele yanaiongoza injini inapoingia kwenye kona. Manne ya nyuma yanabeba tanuri, ambalo sakafu yake ya moto ina karibu mita 14 za mraba. Hakuna mtu angeweza kulilisha makaa kwa koleo, kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa na mashine. Yanayovuta ni yale 16 ya katikati tu.

Kwa nini basi 16, na si manane? Sababu ni utelezi. Fikiria kijana mwenye misuli anayesukuma gari lililokwama kwenye tope. Nguvu anazo, lakini miguu inateleza na gari halisogei. Mpandishe mgongoni gunia la mahindi, miguu itashika ardhi, na nguvu ileile aliyokuwa nayo itaanza kufanya kazi. Chuma juu ya chuma nacho kinateleza, na reli ikilowa hali inakuwa mbaya zaidi, ndiyo maana injini hizi zilibeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Kanuni ya wasanifu ilikuwa kwamba uzito ulioegemea magurudumu yanayovuta uwe kama mara nne ya mvuto wenyewe, yaani nguvu ambayo injini inavutia. Mvuto wa Big Boy ni takriban tani 61. Uzito ulio juu ya magurudumu yake 16 ni tani 245. Gawanya uone: ni nne, karibu kamili.

Sasa tani 245 utaziweka wapi? Ukizilaza juu ya ekseli nne, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili, kila moja itabeba tani 61, na hakuna reli wala daraja la wakati ule lingestahimili. Zikigawanywa kwa ekseli nane, kila moja inabeba kama tani 30 na nusu. Huo bado ni mzigo mzito sana, lakini reli za Union Pacific ziliuweza.

Ekseli nane zikifungwa safu moja hazipiti kona. Mwaka 1926 Union Pacific walianza kutumia injini ya magurudumu 12 ya kuvuta katika safu moja, nao ulikuwa karibu ukomo. Big Boy ilifuata njia ya Mswisi Anatole Mallet ya kutumia mitambo miwili chini ya boila moja, kila mmoja ukiwa na magurudumu yake ya kuvuta. Wa nyuma umefungwa imara kwenye boila, wa mbele umeungwa kwa bawaba. Boila lenyewe halikunjiki, kinyume na wanavyodhani wengi. Kwenye kona pua yake hutokeza nje ya reli. Shirika la Santa Fe lilijaribu boila la kukunjika mwanzoni mwa miaka ya 1910, na halikudumu.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba magurudumu hayaleti nguvu ni injini ya Triplex, ambayo kiwanda cha Baldwin kiliiundia shirika la Erie mwaka 1914. Ilikuwa na magurudumu 24 ya kuvuta, manane kati yake yakiwa chini ya behewa la makaa na maji. Katika jaribio ilivuta mabehewa yapatayo 250, lakini kwa mwendo wa kujikokota. Boila lilishindwa kulisha silinda sita. Na kadiri makaa na maji yalivyotumika, ndivyo magurudumu ya nyuma yalivyopungukiwa uzito na kuanza kuteleza.

Hesabu hiyohiyo unaweza kuiona Nairobi. Kwenye Makumbusho ya Reli ipo Mount Gelai, namba 5918, injini ya aina ya Garratt, ambayo boila lake limening'inia kati ya mitambo miwili, iliyoundwa Manchester kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Nayo ina magurudumu 16 ya kuvuta, sawa na Big Boy, lakini reli yake ni ya upana wa mita moja, na kila ekseli ilibeba tani 21 tu.