Je, wajua kwa nini mtoto anayechora kwanza huandika vizuri zaidi?

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aandike sentensi tatu kuhusu fisi, naye atatafuna penseli mpaka kengele ilie. Mwambie amchore huyo fisi, kisha umuulize amechora nini: utashindwa kumnyamazisha.

Sababu ni mzigo anaobebeshwa. Sisi watu wazima tukiandika, mkono unajiendea wenyewe. Mtoto wa miaka sita anapaswa kukumbuka umbo la herufi, sauti yake na nafasi kati ya maneno, na papo hapo atunge la kusema. La kusema ndilo linalomponyoka kwanza. Akishachora, hadithi imetulia mbele ya macho yake, na kazi iliyobaki ni kuitafutia maneno.

Mwaka 1991 watafiti wawili, Caldwell na Moore, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa darasa la pili na la tatu. Kundi moja lilichora kabla ya kuandika, jingine lilijadiliana tu. Waliochora waliandika hadithi bora zaidi.

Hapa Uganda nafasi ya kufanya hivyo ipo. Mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 kwa madarasa ya chini hufundisha kwa lugha ya eneo, na mada moja hupita katika vipindi mbalimbali, kwa hiyo kuchora na kusoma vinaweza kukutana bila kuvuruga ratiba. Kiswahili nacho kinahitaji msaada huo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Busia, mji wa mpakani na Kenya, hukisikia sokoni kila siku, lakini wengi wa mbali na mpaka hukutana nacho darasani kwa mara ya kwanza. Achore mti mmoja mrefu, kando yake miti mingi mirefu, na upatanisho wa ngeli atauona kabla hajajua kwamba una jina.

Tazama mazungumzo juu ya mchoro mmoja wa fisi mwenye tumbo kubwa kuliko nyumba.

"Mwanangu, mbona tumbo limejaa hivi?"

"Amekula maharagwe yote ya sungura, Mwalimu."

"Sungura yuko wapi?"

"Amejificha nyuma ya mlango. Anacheka."

Hizo ni sentensi tatu tayari, na zote ni za mtoto mwenyewe. Sasa aziandike chini ya mchoro. Akiandika "tubo" badala ya "tumbo", usikimbilie wino mwekundu. Tamkeni pamoja polepole, mpaka aisikie ile m iliyojificha.

Kinachoua zoezi hili, naliona wazi, ni mwalimu kuchora nyumba ubaoni na kuamuru darasa zima liinakili. Watoto sitini watatoa nyumba sitini zinazofanana, na hakuna mwenye habari ya kumpa mwenzake. Kuchora si kupumzika baada ya somo wala zawadi kwa aliyemaliza mapema. Ndipo mtoto anapofikiri. Hata mistari iliyovurugika ina maana: muulize, atakwambia hilo ni vumbi la fisi akitoroka.

Rangi za dukani si lazima. Mkaa wa jikoni huchora vizuri juu ya boksi lililopasuliwa, udongo wa mfinyanzi hutoa wanyama wa kusimulia, na kijiti kinatosha uwanjani. Darasa likiwa kubwa, wagawe wanne wanne, kila kundi na boksi moja. Kila mtoto achore kona yake na aandike sentensi yake, kisha wasomeane kwa sauti. Wakigombana kuhusu kilichotangulia, fisi kula au sungura kujificha, waache wagombane: hapo wanajifunza kupanga matukio ya hadithi.