Ukiombwa maoni juu ya picha, anza na mwanga

Wapiga picha wa ridhaa hapa Unguja hawana uchoyo wa sifa. Mtu akituma picha kwenye kundi, haichukui muda yamejaa makofi, vimoto, "mashallah" na "kali sana hiyo". Napenda moyo huo na nisingependa uondoke. Ila aliyepiga picha hiyo kesho atatoka na kamera ileile, atasimama palepale na kupiga vilevile, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu anachoweza kukifanyia kazi. Mimi naishi kwa kupiga picha za harusi na za familia, na kila nikiombwa maoni huanza na mwanga. Mpangilio, rangi na lenzi vinaweza kusubiri.

Kuna picha moja ambayo kila anayeanza huileta, kwa namna yake. Mzee amekaa barazani Mji Mkongwe, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, na ni saa saba mchana. Kanzu inawaka, mikunjo yake yote imepotea. Uso umekuwa kivuli kitupu na macho hayaonekani. Wenzake watamwambia "ongeza mwanga kidogo". Akiongeza, uso unatokea lakini kanzu inaungua kabisa. Akipunguza, mzee anapotea. Mwisho anakata tamaa, anaona simu yake haifai.

Simu haina kosa. Kamera inapopima mwanga haijui kwamba ile ni kanzu na huu ni uso wa mtu. Hujaribu kuifikisha fremu nzima kwenye kijivu cha wastani, kijivu cha ile kadi ya wapiga picha inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga. Kanzu na ukuta wa chokaa vikijaza fremu, kamera huona weupe umezidi, nayo hupunguza. Mwenye kuumia ni uso, hasa uso mweusi. Simu za siku hizi hutambua nyuso na kuunganisha picha kadhaa kuwa moja, na hilo linasaidia sana, lakini kwenye jua kali tofauti kati ya kanzu na uso ulio chini ya kofia hubaki kubwa mno.

Na jua letu la adhuhuri haliinami. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Hata mwezi wa Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini mwisho wa safari yake, adhuhuri huwa bado limepanda nyuzi 60 angani. Mwanga unaoshuka kutoka juu hivyo hutua kwenye paji, pua na mabega, macho yakabaki gizani. Hakuna setingi ya kuligeuza jua.

Kwa hiyo kijana akiniletea picha ya namna hiyo, humuuliza: "Mwanangu, jicho langu limekimbilia kanzu. Wewe ulitaka nione nini?" Akinijibu, "Uso wake, mwalimu," tumepata pa kuanzia. (Akisema alitaka umbo la mtu tu, giza tupu mbele ya ukuta mweupe, basi mazungumzo ni mengine kabisa, na ndiyo maana ni lazima kuuliza kwanza.) Namwambia amwombe mzee asogee hatua mbili kivulini, kisha ageukie ukuta unaopigwa na jua. Kumwomba kunaanza na shikamoo na mazungumzo, kamera ikiwa bado mfukoni. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni hazina kwa jambo hili: jua linapiga ukuta wa upande mmoja, ukuta unaurudisha mwanga ukiwa laini upande wa pili, na uso unaoutazama ukuta huo unaangazwa kutoka mbele badala ya utosini. Hapo aguse uso kwenye kioo cha simu ili kipimo kichukuliwe usoni, kisha ateleze kidole kupunguza mpaka mikunjo ya kanzu irudi. Hakuna cha kununua.

Neno "picha yako ina giza" huwa sikubali litamkwe haraka. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa kizungu, kadi ya Shirley kama walivyoiita. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6, bado walikuwa wanatangaza kama jambo jipya kwamba kamera yake inaionyesha ngozi nyeusi ilivyo. Sasa shida imehamia kwenye vichujio. Bibi harusi mweusi akiletwa kwenye kundi akiwa amegeuzwa mweupe, nasema wazi kwamba huyo si yeye tena. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao: mstari wa mwanga shavuni, begani, kwenye mfupa wa pua. Mwanga mpana wa dirishani ukija kwa ubavu, mng'ao huo hujitokeza wenyewe na uso unapata umbo, bila kuongeza weupe hata chembe. Kwa hiyo ukitazama picha ya mwenzio, mwambie mng'ao uko wapi, au ulipaswa kuwa wapi.

Ukali wa picha iliyopitia WhatsApp usiuhukumu. Ikitumwa kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa, na hata chaguo la HD lililokuja mwaka 2023 nalo hubana. Mwenye kutaka maoni juu ya fokasi aitume kama faili, ila akumbuke kwamba faili linaweza kubeba taarifa za mahali picha ilipopigwa. Kama ni mtoto, au ni nyumbani kwa mtu, afute taarifa hizo kwanza.

Picha za machweo Forodhani nazipitia haraka: bahari iliyopinda inyooshwe, basi. Linalonigusa zaidi ni muda. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya inaahidi saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Kwetu jua huteremka karibu wima, na nyuzi 6 za mwisho kabla ya magharibi hulichukua kama dakika 25. Anayefika jua limeshagusa maji amekosa mwanga mzuri wa nyuso, hata akipata rangi nzuri za mbingu.

Zoezi la wiki hii ni hili. Mtafute mtu mmoja aliyeridhia, mpige adhuhuri juani, kisha mpige palepale katika zile dakika 25. Zote mbili zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe ili rangi zisikuhadae. Leta moja tu uliyoichagua, na sentensi moja ya ulichotaka tukione. Watakaotoa maoni wataje kwanza jicho lao lilipotua, halafu sababu, halafu jambo moja la kujaribu kwa kifaa hichohicho. Mwenye picha asijibu mpaka watu watatu wawe wameshasema.