Yule wa Tendaguru si mjusi

Tumezoea kusema “mjusi wa Tendaguru”, na mimi nilikua nikiwazia kenge mkubwa kupita kiasi. Sivyo. Mjusi miguu yake hutokea ubavuni, tumbo likikaribia ardhi. Mnyama huyo, ambaye jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan, aliyechimbwa kwenye miamba ya Tendaguru, mkoani Lindi, alisimama juu ya miguu iliyonyooka chini ya mwili kama nguzo, kama tembo. Alikuwa dinosaria, na kiukoo dinosaria wako karibu zaidi na ndege na mamba kuliko mijusi. Kuku wa nyumbani ni ndugu yake wa karibu kuliko kenge!

Wala si mnyama mmoja. Kiunzi chake kilichoko kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimeungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wenyeji vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi.

Miamba yenyewe, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, ina tabaka za mifupa zikipishana na tabaka za makombe na amonaiti, viumbe wa baharini wa ukoo wa pweza. Yaani hapo palikuwa pwani, na bahari ilipanda na kushuka.