Bunduki ya marisau kwa kulungu: anza na risasi, kisha mtutu

Kila vuli swali linakuja lile lile: Remington au Mossberg? Pampu au nusu-otomatiki? Kulungu hajali. Kinachoamua kama risasi itafika ulipolenga ni jinsi slagi, yaani risasi ya kipande kimoja, inavyokaa ndani ya mtutu. Ukikosea hapo, jina lililochongwa ubavuni mwa bunduki halikusaidii kitu. Ndiyo maana hapa naanza na risasi, nafuata mtutu, halafu vilengeo, na bunduki yenyewe inakuja mwisho.

Ninayoandika yanawahusu zaidi walio Iowa, Illinois, Ohio na majirani zao huko Marekani, ambako kulungu mkia mweupe wanaishi katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Nchi ni tambarare, nyumba zimetawanyika, na kwa miaka mingi majimbo haya yamezuia raifo za kawaida katika msimu mkuu wa bunduki. Raifo za risasi zenye ganda lililonyooka (lisilopungua upana shingoni) ziliruhusiwa Ohio mwaka 2014, Iowa 2017, na Illinois 2023 kwa zile za risasi moja moja tu. Hizo nitaziacha kwa leo. Wengi wenu tayari mna bunduki ya marisau ya kupigia bata au kwale, na kuigeuza kuwa ya kulungu ni rahisi kuliko kununua mpya.

Slagi za aina mbili, na hazibadilishani

Slagi ni kipande kimoja kikubwa cha madini ya risasi badala ya chembe nyingi. Katika geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) slagi ya kawaida ina aunsi 1, yaani gramu 28, na inatoka mdomoni mwa mtutu kwa takriban futi 1,600 kwa sekunde.

Aina ya kwanza ni Foster, iliyobuniwa Marekani na Karl Foster mwaka 1931. Ina tundu nyuma, kwa hiyo uzito mwingi uko mbele na ndio unaoiweka sawa hewani. Ubavuni ina mikunjo, na watu wengi wanaamini mikunjo hiyo inaizungusha. Haiizungushi kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kuipa slagi nafasi ya kujibana inapopita kwenye choki, yaani mbano wa mdomoni mwa mtutu. Ndugu yake mkubwa ni Brenneke ya Ujerumani, ya mwaka 1898, ambayo ni ngumu zaidi na kizibo chake kimefungwa nyuma kwa skrubu. Zote mbili zimetengenezwa kwa mtutu laini, usio na mifereji ndani.

Aina ya pili ni saboti. Humo ndani kuna risasi nyembamba kuliko mtutu, imevikwa koti la plastiki. Koti linashika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, linaizungusha risasi, kisha linaachia hatua chache baada ya kutoka. Saboti ya geji 12 yenye risasi ya greni 300 (karibu gramu 19) inafikia takriban futi 2,000 kwa sekunde. Hii inataka mtutu wa mifereji.

Ukiweka saboti kwenye mtutu laini hakuna kinachoizungusha, na risasi inaanza kupinduka hewani. Utaiona kwenye karatasi: tundu linakuwa refu kama la ufunguo badala ya duara, na hata kwenye yadi 50 matundu yanatawanyika vibaya. Umelipa mara mbili au tatu ya bei ya Foster ili upate matokeo mabaya kuliko ya Foster. Ukiweka Foster kwenye mtutu wa mifereji, bunduki haitalipuka, lakini madini laini ya slagi yanajaa kwenye mifereji na shabaha inazidi kuharibika kila unapopiga.

Kuhusu marisau makubwa ya 00: risasi ya kawaida ya inchi 2¾ ina chembe 9, kila moja milimita 8.4. Baadhi ya majimbo ya kusini yanaziruhusu, hasa pale mbwa wanapomtoa kulungu kichakani naye anapita karibu. Zaidi ya yadi 30 chembe zimeachana kiasi kwamba huwezi kujua ngapi zitaingia kifuani. Katika majimbo niliyotaja hapo juu haziruhusiwi kwa kulungu, basi tusipoteze muda nazo.

Mtutu

Kama kulungu wako wanapigwa ndani ya yadi 60 au 70, kwa mfano kwenye msitu wa kando ya mto au unapowafukuza kwa kikundi kwenye mahindi, mtutu laini wenye vilengeo vizuri unatosha. Choki ifungue: silinda (isiyobana) au silinda iliyoboreshwa (inayobana kidogo tu). Choki ya kubana kabisa haipasui mtutu kwa Foster, lakini inaiponda slagi na matundu yanatawanyika. Choki za bata mzinga, zile zinazobana kupita kiasi, usiwahi kupitishia slagi.

Kuna choki za kufunga zenye mifereji, inchi chache tu mwishoni mwa mtutu laini. Mimi huziita nusu suluhisho. Mara nyingine zinaisaidia Foster, mara nyingine hazibadilishi kitu, na kwa saboti matokeo hayatabiriki. Pesa hiyo iweke kwenye mtutu kamili.

Mtutu wa mifereji unafungua umbali hadi yadi 125, na kwa mpigaji mzuri 150. Kwa bunduki za pampu unauzwa peke yake, kwa kawaida inchi 24. Kwenye Remington 870 au Mossberg 500 kubadilisha ni kazi ya dakika mbili: toa risasi zote, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, vuta pampu nyuma, fungua kifuniko cha magazini, chomoa mtutu wa ndege, ingiza wa slagi, kaza kifuniko.

Zipo hatari zake. Mitutu haibadilishani kati ya kampuni, na hata ndani ya kampuni moja soma urefu wa chemba uliochongwa ubavuni. Risasi ya inchi 3 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya inchi 2¾, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ukipiga, mkunjo unafunguka ndani ya koo la mtutu, hakuna nafasi, na shinikizo linapanda mno. Na mwenye Mossberg 835 ajue kwamba mtutu wake laini umepanuliwa kuliko geji 12 ya kawaida, na kampuni yenyewe inakataza slagi humo. Slagi za bunduki hiyo zinapigwa kwa mtutu wake wa mifereji tu.

Mtutu wa mifereji nao haufai kwa ndege. Mzunguko unarusha chembe nje, katikati panabaki tundu tupu. Kwa hiyo ukinunua mtutu wa pili, ule wa zamani usiuuze. Wala usishawishike kuukata ule wa ndege kwa msumeno: chini ya inchi 18 ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho, na hata ukibaki juu ya hapo umeondoa choki bila kupata mifereji.

Vilengeo

Ushanga mmoja wa shaba mdomoni mwa mtutu unatosha kwa ndege anayeruka. Kwa slagi unakudanganya: ukiinua shavu kidogo tu juu ya kitako, risasi inakwenda juu, na huna cha kukuonya. Vilengeo viwili vya chuma, cha mbele na cha nyuma, vinatosha hadi yadi 75. Kilengeo cha nukta nyekundu kinafanya kazi ileile kwa haraka zaidi, na kinawafaa sana wenye macho yaliyoanza kuchoka.

Darubini ndiyo inayostahili mtutu wa mifereji, na hapa ndipo watu wanapoteza masanduku mazima ya saboti bila kujua sababu. Kwenye bunduki ya pampu mtutu haukufungwa kwa nyuzi kwenye mwili wa bunduki. Umeingizwa tu na kushikwa na kifuniko cha magazini. Kila unapopiga unacheza kidogo. Darubini ikiwa imefungwa juu ya mwili, yenyewe inatazama huku na mtutu unatazama kule. Dawa ni mtutu wenye mkono wa kubebea darubini, uliochomelewa kwenye mtutu wenyewe na kurudi nyuma juu ya mwili. Hapo darubini na mtutu vinacheza pamoja, na hata ukiuchomoa na kuurudisha, shabaha inabaki karibu palepale.

Chukua ukuzaji mdogo, mara 1.5 hadi 4.5 au 2 hadi 7. Jicho likae inchi 3.5 au zaidi kutoka kwenye kioo, la sivyo teke la bunduki litakuchania nyusi. Darubini za slagi hurekebishwa kiwandani zisipotoshe shabaha jicho likisogea kidogo, kwenye umbali wa yadi 50 au 75, tofauti na za raifo ambazo nyingi ni 100.

Kurekebisha shabaha

Nunua saboti za aina tatu, sanduku moja moja la risasi 5, kabla ya kuchagua. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja inaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna jedwali litakalokuambia upi unapenda nini. Ukishapata inayokaa pamoja, nunua za msimu mzima.

Laza sehemu ya mbele ya mbao kwenye mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Anza yadi 25. Piga 3, tafuta katikati ya matundu, ndipo uguse darubini. Darubini nyingi zinasogeza shabaha robo inchi kwa kila mlio mmoja wa kitasa cha kurekebishia kwenye yadi 100, kwa hiyo kwenye yadi 25 mlio mmoja ni inchi 1/16 tu. Ukiwa chini inchi 3, unahitaji milio 48 kwenda juu. Wengi wanageuza 12, wanapiga tena, wanaona hakuna kilichobadilika, wanaanza kuilaumu darubini.

Kisha nenda yadi 50 na, kwa saboti, yadi 100. Foster ilenge sawasawa kwenye 50. Kwenye 75 itakuwa imeshuka kama inchi moja na nusu, kwenye 100 inchi 4 au 5. Saboti ya futi 2,000 ilenge sawasawa kwenye 100: kwenye 50 itakuwa juu kidogo, na kwenye 150 chini kwa inchi 4 hadi 6. Hizi ni namba za kuanzia tu, bunduki yako itakupa zake.

Acha mtutu upoe kati ya kila kundi. Na kila baada ya risasi chache jaribu kifuniko cha magazini kwa mkono. Matundu yaliyokuwa pamoja yakianza kusambaa ghafla, mara nyingi kifuniko ndicho kilicholegea. Kikaze kwa nguvu ileile kila mara.

Ukimaliza kwenye mfuko, simama au keti kama utakavyokuwa porini. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kama inchi 8 kwa upana. Umbali wa mwisho ambao risasi zako zote zinaingia kwenye duara la inchi 8 bila kuegemea meza, huo ndio umbali wako, sanduku la risasi liseme lisemavyo.

Bunduki yenyewe, kwa ufupi

Mwenye pampu ya geji 12 aongeze mtutu wa mifereji wenye mkono wa darubini, basi. Anayeanza sifuri na atapiga kulungu tu, aangalie bunduki ya bolti (inayopakiwa kwa kuvuta mkono wa chuma nyuma na mbele) kama Savage 220 ya geji 20. Mtutu umefungwa kwa nyuzi kwenye mwili, kwa hiyo ule mchezo niliousema haupo, na triga inarekebishika, tofauti na triga nzito za pampu nyingi. Geji 20 si ya watoto tu. Saboti yake inapita kifua cha kulungu bila shida, na teke dogo linamaanisha hufumbi macho kabla ya kuvuta. Nusu-otomatiki inapunguza teke zaidi, ila ni nzito na ghali.

Nyumba yenye geji 12 na geji 20 iwe na mfuko tofauti kwa kila moja. Risasi ya geji 20 ikidondoka kwenye chemba ya 12 inateleza na kukwama mbele, chemba inaonekana tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako. Ndiyo sababu za geji 20 hutengenezwa za njano. Angalia rangi hiyo kila unapopakia.

Illinois na Ohio zinataka bunduki isibebe zaidi ya risasi 3, kwa hiyo kizuizi cha mbao au plastiki kiwe ndani ya magazini. Iowa inadai cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1972. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu asiye raia, anaruhusiwa kununua bunduki kwa sheria ya shirikisho. Illinois inaongeza kadi yake ya FOID, kitambulisho cha mwenye silaha. Kanuni za jimbo hutoka upya kila mwaka, zisome za mwaka huu.

Slagi ikigonga ardhi iliyoganda kwa baridi inaweza kuruka na kwenda mbali sana. Mlima au udongo uwe nyuma ya kulungu. Mahindi makavu si ukuta.

Saboti huacha plastiki ndani ya mifereji. Brashi ya shaba na dawa inayoyeyusha plastiki zinaitoa, lakini mtutu uliong'aa mara nyingi unapeleka risasi ya kwanza pembeni. Safisha wiki moja kabla, rudi uwanjani upige 2 au 3 kuhakikisha, na usiguse tena ndani mpaka msimu ufungwe. Nje pangusa mafuta kidogo tu, kwa sababu mafuta mengi yanakuwa mazito kwenye baridi ya Desemba na triga inaanza kusitasita.