Siku tano kabla ya GRE: ziba kwanza panapovuja

"Mwalimu, shikamoo. Mtihani ni Jumamosi na bado sijamaliza maneno."

Marahaba, mwanangu. Simu za namna hii huanza kuniingilia kila mwaka ifikapo Oktoba. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamili na uzamivu kati ya Desemba na Januari, na huku kwetu watu huweka tarehe ya GRE, mtihani wa hesabu na Kiingereza unaotumika kuombea masomo hayo, mwishoni kabisa: baada ya kubanwa na kazi, baada ya kuchangachanga ada, baada ya kusubiri pasipoti. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Dar es Salaam na kwa miaka kadhaa sasa nawaandaa watahiniwa wa mtihani huu. Kijana aliyenipigia safari hii alikuwa amepakua orodha ya maneno elfu moja ya Kiingereza, na Jumatatu hiyo jioni alikuwa amefika herufi D.

Nilimwambia aifunge orodha, afanye jaribio moja zima, kisha aniletee makosa yake.

Katika siku tano huwezi kuwa mtu mwingine kihesabu wala kimsamiati. Lakini karibu kila mtahiniwa niliyekaa naye alikuwa anapoteza alama katika maswali anayoyaweza. Hizo ndizo alama za kuzifuata wiki ya mwisho, kwa sababu elimu yake unayo tayari, imebaki tu usiiache ivuje.

Kwanza hakikisha unajiandaa kwa mtihani uliopo. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa kutoka karibu saa nne hadi saa moja na dakika 58, bila mapumziko katikati. Unaanza na insha moja ya dakika 30. Kisha kuna sehemu mbili za hesabu, maswali 12 kwa dakika 21 na maswali 15 kwa dakika 26, na sehemu mbili za Kiingereza, maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23. Vitabu vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp vingi ni vya zamani. Bado vinafundisha insha ya pili, ile ya kuchambua hoja ya mtu mwingine, ambayo imeondolewa. Nimeona watu wakitumia siku mbili nzima za wiki ya mwisho kwenye insha hiyo, na inauma, maana hizo siku mbili zingewapa alama za kweli.

Jaribio la kufanya ni lile la ETS wenyewe, waandaaji wa mtihani. Ukiwa na akaunti yao unapata majaribio mawili ya POWERPREP bila malipo. Lifanye saa ileile utakayofanya mtihani, simu ikiwa chumba kingine. Ukimaliza usikimbilie kuangalia ni ngapi. Chukua daftari, pitia kila swali ulilokosa, uliweke kwenye moja ya mafungu matatu: sikujua, nilijua nikakosea, muda uliniishia. Fungu la kwanza liache, isipokuwa kama ni kanuni ndogo ya kujifunza kwa robo saa. Fungu la pili ndilo chakula chako cha wiki.

Kijana yule alikosa maswali tisa ya hesabu. Tulipokaa na daftari lake, sita kati ya hayo yalikuwa ya fungu la pili. Moja nalikumbuka kwa sababu karatasi yake ilikuwa safi kabisa: alikuwa ametatua mlinganyo vizuri, akapata x ni 6, akaizungushia duara, akachagua 6. Swali lilikuwa linauliza 2x + 1. Jibu ni 13, na 6 ilikuwepo kwenye machaguo ikimsubiri. Watunzi wa mtihani huu wanajua utasimama wapi kabla ya kufika. Tangu siku hiyo nilimpa zoezi moja tu: kabla ya kugusa jibu, soma tena maneno ya mwisho ya swali, na juu ya hesabu yako andika kinachotafutwa.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu maswali ya kulinganisha, maana hapo ndipo wanafunzi waliopita shule zetu huvuja zaidi, hata waliopata A ya Hesabu kidato cha sita. Unapewa Kiasi A na Kiasi B. Unatakiwa kusema A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa hazitoshi kuamua. Shuleni tumefundishwa kutafuta jibu moja na kulipigia mstari. Hapa unaulizwa kama jibu ni moja kweli.

Chukua hili: x² = 16. Kiasi A ni x, Kiasi B ni 4. Mkono unakwenda wenyewe kwenye "vinalingana". Lakini x inaweza pia kuwa hasi nne, kwa hiyo taarifa hazitoshi. Au hili: x iko kati ya hasi moja na moja, na si sifuri. Kiasi A ni x², Kiasi B ni x. Weka nusu: mraba wake ni robo, B kikubwa. Weka hasi nusu: mraba wake ni robo vilevile, na sasa A ndicho kikubwa. Hazitoshi. Hukuhitaji aljebra yoyote, ulihitaji tu kukumbuka kwamba namba si 2 na 3 peke yake. Ndiyo maana nawaambia wanangu waandike pembeni ya karatasi yao, kabla ya swali la kwanza: sifuri, moja, sehemu (kama nusu), hasi, kubwa. Kila ukiona herufi kwenye ulinganisho, pitisha hizo ambazo masharti ya swali yanaruhusu. Ukipata majibu mawili yanayopingana, umemaliza. Na kama pande zote mbili ni namba tupu zisizo na herufi, jibu la "hazitoshi" lifute papo hapo, kwa sababu namba inayojulikana inaweza kupimwa na nyingine.

Makosa mengine ya fungu hili yanajirudia mno. Sifuri ni namba shufwa. Moja si namba tasa, na mbili ni tasa. Bidhaa ya shilingi 10,000 ikipanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20 hairudi pale pale: inapanda hadi 12,000, inashuka hadi 9,600, kwa sababu asilimia ya pili inatolewa kwenye namba nyingine. Ukienda kilometa 120 kwa mwendo wa 60 kwa saa na kurudi kwa 40, wastani wa mwendo si 50. Umetumia saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, kilometa 240 kwa saa tano, ni 48. Michoro ya jiometri usiiamini kwa macho, si lazima iwe imechorwa kwa vipimo sahihi. Grafu za takwimu ziamini. Na umbo tulilofundishwa kuliita "trapezium", wao huliita "trapezoid".

Kuhusu fungu la muda. Ndani ya sehemu moja maswali yote yana uzito sawa, jibu lisilo sahihi halikatwi alama, na unaweza kuweka alama kwenye swali, ukaruka, ukarudi kabla dakika za sehemu hiyo hazijaisha. Ukiyajua hayo matatu, hakuna sababu ya kukaa dakika nne kwenye swali la saba kwa sababu tu umeshaanza nalo. Hesabu ni kama dakika moja na sekunde 45 kwa swali, Kiingereza dakika moja na nusu. Ukifika dakika mbili hujaona njia, chagua chochote, weka alama, songa. Usiache swali tupu hata moja. Kumbuka pia kwamba sehemu ya pili huwa ngumu au rahisi kutegemea ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo ukiona ya pili inakukaba, usikate tamaa. Huenda ni kwa sababu ya kwanza ulifanya vizuri.

Tuje kwenye Kiingereza, na ile orodha ya maneno elfu moja. Maneno mageni yaliyomezwa kwa siku nne hayakai, na mabaya zaidi yanakuchanganya na yale uliyokuwa unayajua. Kinachookoa alama ni maneno mepesi yenye maana ya pili. Kila mwanafunzi wangu anajua "arrest" ni kukamata. Kwenye GRE mara nyingi ni kusimamisha kitu kisiendelee. "Qualify" tunaijua kama kufuzu; kwao hoja iliyokuwa "qualified" ni hoja iliyowekewa mipaka. "Flag" ni bendera, lakini pia ni kulegea. "Temper" ni kupunguza makali. "Want" ni upungufu. "Pedestrian" ni mtembea kwa miguu, na pia ni kitu cha kawaida mno kisicho na mvuto. "Sanction" inaweza kuwa kibali na inaweza kuwa adhabu, sentensi ndiyo itakayokuambia. Kusanya kama 40 ya aina hiyo kutoka kwenye makosa yako mwenyewe, yaandike kwenye vikaratasi, tembea nayo kwenye daladala.

Na kuna jambo ambalo wengi huona aibu kulifanya: kwenye maswali ya sentensi yenye neno lililoachwa, jaza nafasi iliyo wazi kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili. Funika machaguo kwa mkono, soma sentensi, sema neno lako. Sentensi ikieleza kwamba mtu fulani alisifika kwa ukarimu mbele ya wageni lakini kwa ndugu zake alikuwa hivi, akili yako inasema "bahili" kabla hujapumua. Ukishakuwa na "bahili" mkononi, "parsimonious" na "miserly" vitakuita vyenyewe. Ukiangalia machaguo kwanza, yatakuvuta na jozi nyingine ya maneno yanayofanana vizuri sana lakini hayahusiani na sentensi. Kwenye maswali ya kuchagua maneno mawili mtego ndio huo, na ukipata moja ukakosa la pili hupati nusu alama.

Insha isikule muda mwingi. Orodha ya mada zote zinazoweza kutoka imewekwa wazi kwenye tovuti ya ETS. Chagua mada sita, kila moja ipe dakika tano za kuandika msimamo wako, sababu mbili zenye mifano halisi, na pingamizi moja utakalolijibu. Andika moja tu kwa ukamilifu, kwenye kompyuta iliyozimwa usahihishaji wa tahajia, kwa sababu programu ya mtihani haina. Chini ya kila mada kuna maelekezo, na hayafanani: mengine yanataka uzungumzie pande zote mbili, mengine hali ambazo kauli ingekuwa kweli au isiwe kweli. Mifano si lazima iwe ya Ulaya. Azimio la Arusha la 1967 au M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 ni mifano mizuri ikiwa unaijua kwa undani.

Sasa yale ya karatasi na umeme, ambayo yamewahi kuniliza. Jina kwenye akaunti ya ETS lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, shuleni tunatumia mawili, kwenye pasipoti la babu ndilo linakaa kama la ukoo. Mwanafunzi wangu mmoja alijisajili kwa jina lake na la baba, akarudishwa mlangoni. Alinipigia akiwa bado kituoni, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole. Kagua leo, si Ijumaa usiku. Pasipoti iwe yenyewe, si kivuli chake, na iwe haijaisha muda.

Ukichagua kufanyia mtihani nyumbani badala ya kituoni, karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Tafuta ubao mweupe mdogo, au karatasi ndani ya mfuko wa plastiki angavu, na maka peni inayofutika, ufanyie nayo mazoezi kuanzia sasa kwa sababu mwandiko wake ni mpana na nafasi huisha haraka. Kaa kwenye kiti cha kawaida, si kitandani wala kwenye sofa, meza iwe tupu, na asiingie mtu. Laptopu iwe imejaa chaji, bando liwe kwenye simu ya pili kama akiba. Na waambie wa nyumbani saa kwa usahihi: ukiandika 2:00 kwa mpangilio wa Kizungu, shangazi akasoma saa mbili, atakuachia chumba asubuhi na saa nane mchana atakuja kukugongea na chakula.

Siku moja kabla, soma vikaratasi vyako mara moja, fanya maswali kumi mepesi ya kupasha akili, ulale. Usifanye jaribio zima.

Mwishoni mwa mtihani utaulizwa kama unataka alama zako zitolewe au zifutwe, na utaulizwa kabla hujaziona. Wengi hufuta kwa hofu tu. Usifute. Alama za hesabu na Kiingereza zitatokea papo hapo kwenye skrini, na zisipokupendeza una uhuru wa kutozituma kokote na kurudia baada ya siku 21. Zikikupendeza, siku hiyo unaweza kuzituma kwa vyuo vinne bila kulipia, kwa hiyo majina ya vyuo hivyo na vitivyo vyake uyaweke kichwani kabla hujaondoka nyumbani.